Unalipia Tairi Liletwe, Halafu Unalipia Majani Yabebwe

Wacha niseme bila kuzunguka. Kama uko Nairobi ama Kiambu na umelipa pesa yako umwagiwe vipande vya tairi kwenye bustani, umeuziwa takataka kwa bei ya maua. Na wewe huyo huyo, kila mwisho wa mwezi, unalipa watu wa taka waje wabebe majani ya jacaranda, nyasi zilizokatwa na matawi, yote yapelekwe Dandora. Hiyo hesabu mimi hainiingii.

Kwa wale hawajakutana na hii fasheni: matandazo, ama malchi kama wengi wetu tunavyosema, ni kitu chochote unachotandaza juu ya udongo katikati ya miti na maua ili maji yasikauke haraka na magugu yasiote. Nyanya yako alifanya hivyo na mabua ya mahindi na majani ya migomba, na hakumwita mtu amletee makadirio. Sai kwenye mitaa yenye geti kuna mambo mapya. Unawekewa vipande vya mpira vilivyopakwa rangi nyekundu ama kahawia vikae kama magome ya mti. Ama unatandikiwa kitambaa cheusi cha plastiki, halafu juu yake mawe meupe. Kwa video inatoka poa sana, nakubali. Mimi natengeneza video, najua kamera inauza vitu vingi ambavyo macho yangekataa.

Chuo niliacha mwaka wa pili. Tangu hapo, ukitoa hizi video, kinachonilipia nyumba ni kusukuma wilbaro kwa mjomba wangu, fundi wa bustani anayezunguka kutoka Ruiru hadi Kitengela. Kwa hivyo haya mengine sikuyasoma mahali, nimeyachimba na jembe.

Ahadi yao kubwa ni moja: ukiweka mara moja, umemaliza. Mwaka wa kwanza ni kweli, unalala usingizi. Lakini hii ni Nairobi, vumbi ni yetu. Vumbi inatua juu ya kile kitambaa, majani yanaanguka yanaozea hapo hapo, na baada ya misimu kadhaa ya mvua una udongo mwembamba juu ya mawe yako ya bei. Mbegu ya gugu inataka nini kingine? Na gugu la hapo ni sugu kuliko la kawaida, kwa sababu mizizi yake imejisuka ndani ya kitambaa. Ukivuta gugu, kitambaa nacho kinainuka. Kuna bustani moja Syokimau, haizidi nafasi ya kuegesha magari manne, ilitukalisha siku mbili tukitoa kitambaa vipande vipande. Chini yake udongo ulikuwa umeshikana kama tofali. Hata nyungunyungu mmoja hatukumpata.

Na hapo ndipo mimi na wauzaji tunaachana. Wao wanakwambia kasoro ya majani na vipande vya mti ni kwamba vinaoza, kila mwaka lazima uongeze. Lakini kuoza ndiyo kazi yenyewe! Majani yakioza yanalisha udongo, nyungunyungu wanayashusha chini, udongo unafunguka, maji yanapata pa kuingilia. Mpira haulishi chochote. Umekaa tu pale, mweusi chini ya ile rangi, ukipika mizizi jua likiwaka.

Watu wa Kitengela, Syokimau na Athi River mnanielewa zaidi, kwa sababu mmekalia ule udongo mweusi. Mvua ikinyesha unavimba na kuganda kwa viatu, kiangazi ikija unapasuka mpaka unaweza kupoteza simu ndani ya ufa. Dawa yake ni kuufunika na kitu kinachooza na kuulisha kila mwaka. Ukiutandikia polithini isiyo na matundu, maji ya mvua hayana pa kuingia, yanateleza kwenda kwa jirani. Sisemi bustani ndizo zilileta mafuriko ya Kitengela ya 2024, jameni, nisiwekewe maneno mdomoni. Nasema tu kila mita ya ardhi tunayoziba ni maji mengine tunayasukuma barabarani.

Sasa tairi lenyewe. Ndani ya mpira wa tairi kuna zinki, inawekwa kiwandani wakati wa kuutengeneza. Mpira ukikaa juani na kwenye mvua, zinki hutoka polepole na kuingia udongoni, na zinki ikizidi ni sumu kwa mimea. Linda Chalker-Scott, mtaalamu wa bustani wa Washington State University huko Marekani, amepinga haya matandazo ya mpira kwa miaka mingi kwa sababu kama hizo. Halafu kuna kemikali nyingine, 6PPD, inayowekwa ili tairi lisipasuke haraka. Mwaka 2020 wanasayansi wa huko huko jimbo la Washington walionyesha kwamba ikikutana na hewa inageuka kuwa kitu kinachoua samaki aina ya coho, mvua inapokiosha kutoka barabarani hadi mitoni. Najua, hatuna coho Mto Ngong. Lakini maji ya mitaro yetu yanaingia Athi, na Athi inaenda kumwagika Malindi kwa jina la Sabaki, na njiani kuna watu wanakunywa.

Moto pia. Watafiti wa University of Nevada walichoma aina 8 za matandazo waone yapi ni hatari karibu na nyumba. Mpira uliokatwakatwa ndio uliwaka vibaya kuliko yote. Vipande vya mti vilivyokwisha kuanza kuoza ndivyo vilikuwa vitulivu zaidi. Fikiria hilo na vile tunachoma nyama nje kila wikendi.

Kuna wale watasema, si angalau tunatumia tairi tena badala ya kulichoma? Sawa, lakini angalia vile sisi tumetumia tairi tangu zamani. Akala. Tairi linakuwa kiatu, kiatu kinavaliwa miaka, kikiisha bado ni kitu kimoja unakiokota na mkono. Tairi likikatwa vipande elfu kumi na kumwagwa kwenye bustani, nani atakuja kuokota? Hilo halijatumika tena, limetawanywa tu. Umoja wa Ulaya tayari mwaka 2023 ulipitisha kwamba zile chembe ndogo za kujaza viwanja vya nyasi bandia, ambazo nyingi ni za tairi kuukuu, hazitauzwa tena kuanzia Oktoba 2031. Wenzetu wanatoka, sisi ndio tunaingia na kelele.

Haki yake nitampa. Mkulima wa stroberi anayetandaza plastiki nyeusi na mabomba ya matone chini yake, halafu akaitoa yote msimu ukiisha, anajua anachofanya. Huyo anahesabu mavuno, na plastiki yake anaikunja. Na chini ya bembea za watoto mpira unapunguza kuumia mtoto akianguka, mradi uwekwe ndani ya kingo usitambae. Ninachokataa ni kuumwaga kwenye mizizi ya mti na kuita hiyo bustani.

Majani nayo si malaika. Kuna mama mmoja Ruiru aliniambia, "Kijana, hayo majani yataniletea nyoka na mchwa." Hakuwa anaongea ovyo. Rundo likiachwa kando ya ukuta, panya wanaingia, na kinachofuata panya unakijua. Kwa hivyo usirundike, tandaza. Unene wa vidole vinne unatosha. Acha nafasi ya futi moja kutoka ukutani, na usilaze majani yakigusa shina la mti, litaoza. Maranda mabichi ya seremala yaache juu, usiyachanganye na udongo, yatanyang'anya mimea yako chakula. Mama alijaribu upande mmoja wa kiwanja. Mwezi uliofuata alitupigia tumalizie ule mwingine.

Na vitu vya kutandaza viko, hakuna vile utaniambia havipatikani. Kiambu kuna maganda ya kahawa. Mwea kuna maganda ya mpunga. Pwani kuna makumbi ya nazi. Nairobi kuna majani ya mukima na jacaranda ambayo watu wanafagia saa kumi na mbili asubuhi kama ni aibu. Sheria ya taka ya 2022 inatutaka tutenganishe taka zinazooza na zisizooza. Ukishatenganisha, zinazooza ziko hapo mlangoni kwako tayari. Uzibebe za nini?

Kitu kilichonifanya niandike hii leo ni makadirio niliyoyaona. Kuna mtaa mmoja, jina naliacha, kamati inataka kuweka mpira na mawe kila mahali, hata chini ya ile mikuyu ya getini. Karatasi ya muuzaji ilikuwa safi, ina picha. Kwa ukurasa wa pili kuna mstari mmoja umeandikwa kama faida: wafanyakazi wa bustani, kutoka 3 hadi 1. Basi. Hivyo tu. Mmoja wa hao wawili ni mzee ambaye ananiita "mjukuu" na anajua kila mti wa huo mtaa ulipandwa lini na nani. Hakuna mtu amemwambia bado. Yaani pesa ambayo ingekuwa mshahara wake inaenda kununua mpira, na majani anayoyafagia yanaendelea kulipiwa lori.

Kamati inakaa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Kama unaishi huko utajijua, na kama mtaa wako una karatasi kama hiyo, nenda mkutano hata kama huwa huendi. Uliza maswali mawili tu: huu mpira ukichakaa nani atautoa, na kwa pesa ya nani? Halafu uliza kama Mzee ameitwa kwa hicho kikao. Mkiamua kubaki na majani, mjomba na mimi tutakuja siku moja bure tuwaonyeshe vile yanatandazwa. Wilbaro tunayo.