Neno Dogo Katika Barua

Mjini kwetu Lubumbashi watoto hufundishwa kwa Kifaransa, na nyumbani na sokoni twasema Kiswahili. Lakini mpaka wa Kasumbalesa u karibu, mwendo wa kilometa 90 hivi, na ng'ambo yake, katika Zambia, barua za shule na za kazi huandikwa kwa Kiingereza. Jamaa zetu kadha wa kadha zina mtoto asomaye huko.

Mama mmoja alituletea barua aliyoandikiwa na mwalimu mkuu: "I am afraid we are having some difficulty with your son." Kijana wa jirani alikuwa amemfasiria neno kwa neno: mwalimu anaogopa, na taabu yenyewe ni kidogo. Mama akacheka, akaiweka barua sandukuni. Muhula ulipokwisha, mwanawe akarudishwa nyumbani.

Waingereza, wakiwa na neno zito la kuandika, hulivika nguo laini. "I am afraid" katika barua ya namna hii maana yake ni "nasikitika kukuambia." "Some difficulty" mara nyingi ni taabu kubwa. "It seems" ni "yaonekana," lakini huenda mwandishi amekwisha kuona kwa macho yake.

Tusiwacheke. Mgeni ajaye kukopa haanzi na fedha. Husalimu, huuliza hali ya watoto, ndipo husema, "Kuna neno dogo limenileta." Sote twajua ya kuwa neno lile si dogo. Twajua kwa sababu tumelelewa hivyo.

Basi, nawe ukipaswa kueleza taabu kwa Kiingereza, tumia upole huo: "I am finding it difficult to pay the fees this month." Lakini usiishie hapo. Taja kiasi kilichopungua, na siku utakayolipa. Adabu isiyo na ukweli humwacha msomaji gizani. Ukweli usio na adabu humfukuza.

Tena, ukipokea barua usiyoielewa vema, usione haya. Ipeleke siku ile ile kwa mtu aijuaye lugha, umwulize: "Je, mwandishi ataka nifanye nini?"

Mama yule ndiye aliyetuomba tuyaandike haya, ili mwingine asicheke kama yeye alivyocheka.