Sanduku la Pili Lifunguliwe

Kila apitaye mbele ya maabara ya fizikia huliona sanduku la roketi ndogo lililowekwa ndani ya kabati la kioo. Bado limefungwa kwa karatasi yake ya dukani, na mbele yake pameandikwa, "Usiguse." Siku ya Wazazi muhula uliopita wageni walilisifu sana. Mimi sikulisifu. Naandika haya kwa kuwa namaliza masomo mwaka huu, nami nachelea nitaondoka hali sanduku lile lingali kabatini.

Masanduku yalikuwa mawili, zawadi ya mwanafunzi wa zamani wa hapa aliyeko ng'ambo. Injini hazikuja naye, maana vitu vya baruti haviruhusiwi katika mizigo ya abiria wa ndege. Zilikuja baadaye kwa meli, na mwalimu wetu wa fizikia aliandika barua nyingi za ruhusa kabla ya yeyote kuzigusa. Zote zilikuwa sita, aina ya C6-5: maana yake zasukuma kwa wastani wa nyutoni 6, na mwavuli hutupwa nje sekunde 5 baada ya msukumo kwisha. Sasa zimebaki nne.

Hiyo ya kwanza niliipoteza mimi, na sina budi kukiri. Karatasi ya maelezo ilionyesha mapezi matatu mapana ya mbao laini. Mimi niliyaona mabaya. Nilitaka roketi ifanane na papa, basi nikayakata yakabaki nusu, nikayagandisha mbele zaidi ya mahali pake. Najua kwamba roketi husimama sawa angani ikiwa kitovu cha uzito wake kiko mbele, karibu na pua, na mahali nguvu ya upepo inapokusanyika pako nyuma yake. Na baina ya mahali hapo pawili pawe na nafasi isiyopungua upana wa bomba lenyewe. Niliilaza juu ya ukingo wa rula, nikaona imekaa vema, nikaridhika.

Jumamosi ile tulisimama hatua 30 kutoka kwenye fimbo ya chuma, nyaya zikiwa zimeunganishwa na betri. Tulihesabu kwa kurudi nyuma, tano hata moja. Roketi ilipanda kadiri ya urefu wa mnazi mmoja, kisha ikageuka, ikazunguka kama kuku aliyechinjwa, ikaanguka nyuma ya goli la mpira. Ikalala pale ikitoa moshi, na baada ya kitambo ikatoa mlio, mwavuli ukatoka ukatandazika juu ya majani. Wadogo zetu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu goli lile lina njia nyuma yake, na watu hupita.

Mwalimu hakunigombeza. Aliniuliza neno moja tu: "Uliipima ikiwa na injini ndani?"

Sikuipima hivyo. Injini moja ina uzito wa gramu 24 hivi, nayo hukaa mkiani kabisa. Niliipima tupu! Papa wangu alikuwa mzito nyuma, na mapezi yake madogo hayakuwa na nguvu ya kumrudisha kwenye njia.

Majuma matatu yaliyofuata nilijifunza fizikia kuliko muhula mzima wa kunakili ubaoni. Nilikata umbo la roketi katika karatasi ngumu, nikatafuta mahali linapokaa sawa, nipate kukisia mahali pa nguvu ya upepo. Mwalimu alinionyesha pia hesabu ya James Barrowman wa Marekani, iliyotolewa mwaka 1966. Ni ndefu, lakini haina jambo lisilofundishwa humu, ila uvumilivu. Mapezi mapya niliyatengeneza kwa majalada ya madaftari, matatu matatu yaliyogandishwa pamoja. Puani nilitia gramu 15 za udongo wa kufinyanga. Kisha nikaifunga uzi mahali pa kitovu cha uzito, injini ikiwa ndani safari hii, nikaizungusha juu ya kichwa changu. Pua ilitangulia. Nikaizungusha tena mbele ya mashahidi wawili, pua ikatangulia.

Siku ya kurusha, mwenzangu alisimama mita 100 mbali na pembemraba yenye uzi na jiwe. Alisoma digrii 62. Hesabu ya tanjenti yatoa mita 188, bila kutia urefu wa macho yake, ambao kwa kweli si mwingi. Mwavuli ulifunguka, roketi ikashuka polepole karibu na jikoni.

Ripoti ya chama chetu iliyobandikwa Siku ya Wazazi ilisema tulirusha roketi moja, ikafaulu. Ile ya kwanza haikutajwa. Naona si haki. Mdogo wetu atakayetaka kukata mapezi mwaka ujao atasoma wapi habari ya gramu 24 zilizokaa mkiani?

Wako wasemao kwamba vitu vya gharama visichezewe, viundwe kama karatasi isemavyo au vitunzwe. Neno lao lina ukweli ndani yake. Mimi mwenyewe ningaliiunda kwanza kama ilivyoandikwa, nikairusha, kisha nikabadili jambo moja moja. Lakini roketi ya kabatini haimfundishi mtu lolote, wala injini zake hazizidi kuwa njema kwa kukaa katika unyevu huu wa pwani.

Wengine husema roketi ni mambo ya wageni. Hao wawaulize wazee wa Malindi. Kutoka jukwaa la San Marco, baharini pale, roketi aina ya Scout zilirushwa tangu 1967 hata 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, mojawapo ilipeleka chombo cha kwanza duniani kilichotengenezwa mahsusi kuchunguza nyota kwa mionzi ya eksirei, nacho kikaitwa Uhuru. Twajivunia jina, na ni haki yetu. Ila roketi zenyewe zilitujia zimekwisha kutengenezwa, kama sanduku lile. Tena Scout haikubuniwa yote upya: hatua yake ya pili, Castor, ilitokana na injini ya kombora la Sergeant. Wahandisi wa Marekani walichukua kilichokuwapo, wakakibadili, wakapima, wakarusha.

Kwa hiyo namwomba mwalimu na viongozi wa chama, kwa heshima, wafungue kabati kabla ya mitihani yetu kuanza. Wapewe wadogo zetu, si sisi. Isirushwe roketi yoyote iliyobadilishwa bila kupimwa kwa uzi, injini ikiwa ndani, mbele ya mashahidi wawili. Daftari la chama liandikwe kila mrusho, na mrusho wa kwanza uandikwe kwa jina langu. Udongo wa kufinyanga wasinunue. Nimebakiwa na nusu pakiti, imo katika sanduku langu bwenini.