Lenzi pana isimeze mlima wala watu wa Goma

GOMA, Ndosho – Kuna aina moja ya picha iliyozoeleka sana kwenye simu za wakaaji wa magharibi mwa Goma. Mbele kuna mawe meusi ya volkano, makubwa kama nyumba. Katikati kuna mabati na mabashi. Juu, mawingu mazito yamechukua nusu nzima ya picha. Na kule mwisho kabisa, kama kichuguu cha mchwa, kuna Nyiragongo. Mkaaji wa Ndosho akiiona anajiuliza: mlima huu umepungua tangu lini?

Mlima haukupungua. Una mita 3.470 kama zamani, na kila asubuhi isiyo na mawingu unaonekana umesimama juu ya mji. Kilichoupunguza ni lenzi pana sana, ile inayotumiwa na wapiga picha wenye vyombo vikubwa, na ambayo leo imo pia ndani ya simu nyingi. Ukigusa alama ya 0,5 kwenye skrini, dunia yote inaingia kwa mara moja: barabara ya Sake, wamotari, chukudu zilizobeba makaa, ukuta wa jirani na mbingu yote.

Lenzi hiyo si mbaya. Lakini katika mji kama huu, ambako picha hutumika kuomba msaada, kutoa ushahidi na kukumbuka waliokufa, kuitumia bila kuielewa kunaweza kuwadhulumu watu. Vijana wanaojifunza kupiga picha, na familia zilizohamishwa na vita ambazo kila siku zinapigwa picha, wote wanapaswa kujua inavyofanya kazi.

Inavyoona

Lenzi ya kawaida ya milimita 50, kwenye kamera kubwa, inaona upana wa digrii 47 hivi kutoka pembe hadi pembe. Ile ya milimita 14 inaona digrii 114. Hiyo ni zaidi ya mara mbili, na picha haijaongezeka ukubwa hata kidogo. Ili vyote viingie, kila kitu lazima kisongamane. Kilicho karibu, kwenye hatua moja, kinabaki kikubwa na kinatawala. Kilicho mbali kinakuwa nukta.

Nyiragongo uko umbali wa kilomita karibu 18 kutoka katikati ya mji, na kilele chake kinapita uso wa Ziwa Kivu kwa mita kama 2.000. Ukipiga hesabu, lenzi ya milimita 50 inaupa mlima huo karibu robo ya kimo cha picha iliyopigwa kwa ulalo. Ile ya milimita 14 inaupa chini ya sehemu moja ya kumi. Mlima ni uleule, na mpiga picha amesimama palepale. Lakini mtu wa Kinshasa au wa Brussels anayetazama picha ya pili hataelewa kwa nini watu wa Goma wanauogopa.

Na wana sababu ya kuuogopa. Tarehe 17 Januari 2002 moto wake ulipita katikati ya mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kufika hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, ukasimama pembezoni mwa mji upande wa Buhene. Picha inayoufanya mlima huo kuwa kichuguu inasema uongo, hata kama aliyeipiga hakukusudia.

Mahali inapofaa

Kuna kazi ambazo lenzi nyingine haiwezi. Shimo la Nyiragongo lina upana wa zaidi ya kilomita moja. Mtu akisimama ukingoni, hana pa kurudi nyuma: mgongoni ni mteremko, mbele ni shimo. Pale, lenzi pana sana ndiyo peke yake inayoweza kuonyesha sehemu kubwa ya mduara kwa picha moja.

Inafaa pia chini, kwenye mawe. Mpiga picha akishuka, akaweka kamera sentimita 60 kutoka kwenye jiwe lililopasuka, jani la kwanza lililoota ndani ya ufa linaonekana wazi, na nyuma yake mtaa mzima uliojengwa juu ya mawe hayohayo. Kwa lenzi ya milimita 14, kitundu kikiwa kwenye 8 na macho ya kamera yakilengwa mita moja mbele, kila kitu kuanzia nusu mita hadi upeo wa macho kinatoka kikali. Picha ya namna hiyo inamweleza mgeni kitu ambacho maneno mengi hayawezi: hapa watu wanachimba choo kwa nyundo, wanajenga juu ya moto wa zamani, na bado wanapanda maua mbele ya mlango.

Siri iko hapo. Lenzi pana inataka mtu asogee karibu na kitu kimoja chenye maana. Wengi wanaitumia kinyume: wanabaki mbali ili waingize vyote, na mwisho wanapata picha isiyo na kitu.

Kambi zilizogeuzwa nukta

Kwa miaka ya hivi karibuni, sehemu iliyopigwa picha zaidi magharibi mwa Goma haikuwa ziwa wala mlima. Ilikuwa ni kambi: Bulengo, Lushagala, Rusayo, na nyingine zilizopakana na Mugunga. Mamia ya maelfu ya watu kutoka Masisi, Rutshuru na Nyiragongo waliishi humo chini ya mabashi meupe, juu ya mawe.

Picha nyingi za kambi hizo zilipigwa kama mandhari. Mbingu kubwa, mabashi yasiyo na mwisho, watu wadogo kama sisimizi. Zilionyesha wingi, na wingi ulihitaji kuonyeshwa. Lakini zilificha mambo mawili. La kwanza ni nafasi. Lenzi pana inatanua kilicho karibu, kwa hiyo njia nyembamba kati ya mabashi mawili, ambamo mama hawezi kupishana na mtu aliyebeba kidumu cha maji, inaonekana kama barabara. Kibanda cha watu saba kinaonekana kama chumba cha kutosha. Anayepanga msaada kutoka mbali, akitazama picha hiyo, anaweza kuamini kwamba watu wana pa kupumulia.

La pili ni watu wenyewe. Wahenga walisema macho hayana pazia. Lenzi hii ina macho mapana zaidi ya yote: inachukua hata yule ambaye mpiga picha hakumwona. Anayepiga mlima, pembeni ameingiza mtoto anayeogeshwa, binti anayejificha, mzee aliyelala kwenye mkeka, au mtu mwenye silaha ambaye hataki kuonekana. Hakuna aliyeombwa ruhusa, kwa kuwa kila mmoja alidhani yuko nje ya picha. Tena walio ukingoni wanavutwa: kichwa kinarefuka, bega linapanuka, mtu anakuwa kichekesho. Mtu aliyepoteza nyumba hastahili kupotezewa na sura yake.

Februari 2025, baada ya mji kuingia mikononi mwa M23, kambi hizo zilivunjwa na watu wakatawanyika. Wengine walirudi vijijini, wengine wako kwa ndugu na wenyeji humu Ndosho na mitaa mingine. Mahali palipokuwa na mabashi, leo mgeni anaona mawe tu. Kwa hiyo picha zilizobaki ndizo kumbukumbu. Familia zinazozitafuta hazitafuti mbingu. Zinatafuta bashi lao, jirani yao, bomba walikochota maji, kaburi la mtoto. Kwenye picha nyingi pana, hayo yote ni nukta.

Nani anaangalia Kivu

Tatizo hili halikuanza na simu. Mandhari ya Kivu yamevutia wageni wengi wenye kamera. Mpiga picha wa Ireland Richard Mosse alipiga milima na askari wa Kivu kwa filamu ya miali ambayo jicho halioni, majani yote yakageuka waridi. Kazi hiyo, The Enclave, ilionyeshwa Venice mwaka 2013 na ikajulikana duniani. Wapo walioisifu kwa kuilazimisha dunia itazame vita iliyosahauliwa. Lakini mkaaji wa Masisi ana haki ya kuuliza kwa nini shamba lake la kijani lilihitaji kugeuzwa waridi ili lionekane.

Jibu zuri limetoka kwa watoto wa hapa. Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya korona, mradi wa Congo in Conversation wa Fondation Carmignac, ulioongozwa na Finbarr O'Reilly, uliwategemea wapiga picha Wakongomani. Ndani yake walikuwemo Arlette Bashizi, Moses Sawasawa, Guerchom Ndebo na wengine wa mashariki. Anayeujua mji tangu utoto anajua mlima unavyolemea, na anajua jina la anayepita mbele ya kamera. Elimu hiyo haiuzwi pamoja na lenzi.

Shamba lisipanuliwe kwa picha

Kwa familia zinazorudi vijijini, jambo hili linagusa ardhi. Wengi wanapiga picha shamba walilolikuta, ili waonyeshe mwami, kamati ya kijiji au ndugu waliobaki Goma. Ni wazo jema. Lakini shamba lililopigwa kwa 0,5 linaonekana kubwa kuliko lilivyo, na mti wa mpaka unaonekana umesogea mbali. Jirani akija na picha yake ya kawaida, picha mbili za shamba moja zinapingana, na ugomvi unaanza pale ambapo haukuwepo.

Njia ni rahisi. Picha ya mpaka ipigwe kwa 1, si kwa 0,5. Ipigwe kutoka pembe mbili, mtu akiwa amesimama kwenye mti wa mpaka ili kimo chake kiwe kipimo. Hatua zihesabiwe na kuandikwa, mashahidi wakiwepo. Na isisahaulike kwamba picha si hati. Inasaidia kukumbusha, lakini haichukui nafasi ya karatasi wala ya wazee wanaojua historia ya shamba.

Kwa anayependa mandhari, mashauri ni machache. Kamera isimame sawa, isiinamishwe, la sivyo nyumba zitaonekana zinaanguka. Kabla ya kubonyeza, ukingo wote wa skrini ukaguliwe: nani yuko pale, na ameombwa? Watu wasiwekwe pembeni. Ukitaka ukubwa wa Nyiragongo, tumia lenzi ndefu au rudi kwenye 1. Na kwa usalama wa wote, simu izuiwe kuandika mahali picha ilipopigwa kabla ya kuitumia kwenye makundi.

Vijana wa Ndosho wana mbele yao mlima, ziwa, na mji unaoishi juu ya mawe. Hawahitaji kuongeza chochote. Wanahitaji tu kusogea karibu, kusalimia kwanza, kisha kupiga.