Sajini Meja Tambul Hakuwekwa Pale kwa Mapambo

Kuna maneno mengi kuhusu Sahara, filamu ambayo Zoltan Korda aliiongoza kwa studio ya Columbia na kutoka mwaka 1943. Watu huyapokea na kuyapitisha bila kuyapima. Baadhi ni makosa madogo tu. Mengine yanawadhulumu walioifanya kazi ile, hasa mwigizaji mmoja mweusi ambaye namheshimu sana.

Husemwa kwamba ilipigwa picha katika jangwa la Sahara lenyewe. Sivyo. Afrika Kaskazini ilikuwa bado inafuka moshi wa vita. Mchanga tunaouona ni wa Imperial, kusini mwa California, na ile ndege ya Kijerumani inayowashambulia askari ni Mustang ya Kimarekani iliyopakwa alama za adui. Lakini jua ni la kweli, na mpiga picha Rudolph Maté alilitumia kwa ustadi uliompatia uteuzi wa Oscar. Kifaru nacho, M3 wanachokiita Lulu Belle, ni cha aina ileile iliyokuwa ikipigana Libya.

Wengine hudai hadithi yote ilitungwa Hollywood. Filamu yenyewe inawakanusha, kwa kuwa inataja wazi deni lake kwa filamu ya Kisovyeti ya Mikhail Romm ya mwaka 1936, inayohusu watu kumi na watatu jangwani Asia ya Kati. Kiini kilitoka huko: wachache wanashikilia kisima kikavu, na maadui wengi wenye kiu wanaamini kwamba ndani yake mna maji. Korda na mwandishi John Howard Lawson wakakihamishia Libya, Juni 1942, Jeshi la Nane la Uingereza likirudi nyuma na Tobruk ikianguka. Sajini Joe Gunn, anayeigizwa na Humphrey Bogart, ni mtu wa kubuni, ila kuwapo kwa Wamarekani pale si jambo la kubuni. Mwezi uleule kikosi kidogo cha vifaru vyao kilipigana Libya pamoja na Waingereza, kikiongozwa na Henry Cabot Lodge, aliyekuwa pia seneta wa Massachusetts.

Kosa la kuchanganya majina nalipita haraka. Rex Ingram wa Sahara si yule mwongozaji wa Kiairishi wa enzi za sinema bubu aliyetengeneza The Garden of Allah mwaka 1927. Huyu wetu ni Mmarekani mweusi, jini mkubwa wa The Thief of Bagdad ya mwaka 1940.

Sasa lile linaloniumiza. Husemwa kwamba Sajini Meja Tambul, Msudani anayeigizwa na Ingram, alitiwa ili kupamba mandhari, na kwamba askari wa Sudan hawakuwa na lao katika vita vya Libya. Tuanze na historia. Jeshi la Ulinzi la Sudan liliundwa mwaka 1925. Katika vita hivyo lililinda oasisi ya Kufra, ndani kabisa ya jangwa la Libya, na Septemba 1942 askari wake waliivamia Jalo. Walikuwapo, na walikufa huko.

Tukija kwenye filamu, mtoe Tambul uone kama kuna kitu kitakachobaki. Yeye ndiye anayejua visima viko wapi. Yeye ndiye anayeshuka chini na kukinga matone kwa subira wakati wenzake wanamngoja juu wakiwa na midomo iliyopasuka. Rubani Mnazi aliyetekwa, asiyetaka kuguswa na mtu mweusi, anapotoroka kwenda kuwaambia wenzake kwamba kisima hakina maji, Tambul ndiye anayemkimbiza na kumuua kabla hajafika, kisha risasi za Wajerumani zinamuua yeye. Siri ile ndiyo silaha kubwa ya watetezi wa kisima. Mapambo hayabebi mzigo wa namna hiyo.

Kuna pia mazungumzo yake na Waco, askari kutoka Texas, kuhusu ndoa na ruhusa ya wake wanne katika Uislamu. Wanazungumza kama watu wazima wawili walio sawa, na wanagundua kwamba mambo ya nyumbani kwao hayatofautiani sana. Fikiri haya yalionyeshwa lini. Juni 1943 watu waliuawa Detroit katika ghasia za rangi, na jeshi la Marekani liliendelea kuwatenga askari weusi hadi Rais Truman alipotoa amri ya kukomesha utengano huo mwaka 1948. Anayesema hii ni propaganda tupu ana nusu ya ukweli. Ndiyo, ilitengenezwa kuhamasisha watu vitani. Lakini iliwataka watazamaji weupe wakubali jambo ambalo serikali yao wenyewe ilikuwa haijalikubali.

Mwisho huja hoja kwamba Korda ni yuleyule wa Sanders of the River ya mwaka 1935, kwa hiyo asiaminiwe kwa lolote kuhusu Mwafrika. Filamu ile siitetei. Inamtukuza mtawala wa kikoloni, na Paul Robeson, nyota wake, aliikana hadharani. Hata Jomo Kenyatta, akiwa bado msomi huko London, alionekana humo katika sehemu ndogo. Tatizo ni kumfungia mtu katika kazi moja. Miaka minane baadaye mwongozaji huyohuyo alimpa Mwafrika akili, dini, ucheshi na kifo cha kishujaa. Mwaka 1951 akatoa Cry, the Beloved Country, iliyopigwa picha Afrika Kusini, ambako ubaguzi ulikuwa umeshafanywa sheria, na wahusika wake wakuu weusi wakiwa Canada Lee na kijana Sidney Poitier.