Kivungulio si dawa ya kila shamba

NI nadra siku hizi kupita Limuru, Kinangop au viungani mwa Nairobi bila kuona hema jeupe la plastiki limesimama nyuma ya nyumba. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, serikali kadhaa za kaunti nazo zimevigawia vikundi vya vijana na kina mama vivungulio, kwa ahadi kwamba umaskini utapungua. Hata hivyo, baadhi ya mahema hayo sasa ni magofu: plastiki imechanika, nguzo zimeliwa na mchwa na ndani mmejaa magugu.

Kasoro haikuwa ya teknolojia, bali ya kuinunua kabla ya kuielewa.

Kivungulio hufanya kazi kwa njia rahisi. Miale ya jua hupenya plastiki na kupasha joto udongo na mimea, navyo hupasha hewa iliyomo. Kwa kuwa hewa hiyo imezuiwa kupaa na kuchanganyika na ya nje, hubaki na joto lake. Isipopewa matundu ya kutokea, joto na unyevu huzidi, na ukungu hupata makao.

Swali la kwanza, basi, ni iwapo anakoishi mnunuzi kuna uhaba wa joto. Mkazi wa Kinangop, ambako baridi ya usiku hudumaza mimea, ana sababu ya kujenga. Wa Mombasa au Garissa anapaswa kutafakari upya, kwani joto likipita nyuzi 35 hivi, maua ya nyanya hupukutika bila kuzaa. Huyo atafaidika zaidi na wavu wa kivuli, ambao ni nafuu.

La pili ni maji. Mvua haiingii kivungulioni. Mnyanya uliokomaa huweza kunywa lita moja hadi mbili kwa siku, hivyo mimea 300 itahitaji kati ya lita 300 na 600 kila siku. Asiye na kisima au tangi la kutosha atakuwa amenunua jangwa lake mwenyewe.

Kuhusu vifaa, mbao ni rahisi lakini huoza; vyuma ni ghali lakini hudumu. Plastiki iwe ile iliyotiwa kinga dhidi ya miale mikali ya jua, la sivyo itapasuka mapema. Hata hiyo yenye kinga hubadilishwa baada ya miaka michache, gharama ambayo wauzaji wengi hawaitaji.

Lakini adui mkubwa zaidi yumo udongoni. Bakteria wa mnyauko huweza kuishi humo kwa miaka, na mkulima anayerudia nyanya kila msimu huwalisha. Kubadilisha kwa pilipili hoho au biringanya hakusaidii, maana zote ni za jamii moja. Ni heri zamu ipewe sukumawiki au vitunguu, na udongo upimwe katika maabara kabla ya nguzo ya kwanza kusimikwa.

Kwa familia inayotaka mboga za nyumbani tu, kihema kidogo kinachoweza kunyweshwa kwa ndoo kitatosha. Anayechukua mkopo akitarajia soko naye akumbuke kwamba bei ya nyanya hupanda na kushuka, ilhali marejesho ya benki hayangoji msimu.