Jina la Mpwapwa na Mali Isiyoandikishwa

Ukitaja Mpwapwa mbele ya wataalamu wa mifugo, hawatakuuliza habari za milima yake wala za chuo chake cha ualimu. Watakuuliza habari za ng'ombe. Katika miaka ya 1940 na 1950, watafiti wa kituo cha mifugo cha pale walichanganya damu ya zebu wetu na ya Sahiwal na Red Sindhi kutoka bara Hindi, wakaongeza Boran na kiasi kidogo cha ng'ombe wa Ulaya, hata wakapata mnyama wa maziwa na nyama anayestahimili nchi kame. Wakamwita Mpwapwa. Leo kituo hicho kimo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania (TALIRI).

Ng'ombe huyo ni mali ya nani? Kwa sheria ya hataza, si mali ya mtu. Sheria yetu ya mwaka 1987 haitoi hataza kwa aina za mimea wala za wanyama. Anayezalisha aina mpya ya mtama alipata kinga yake mwaka 2002, ilipotungwa sheria ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea. Anayezalisha ng'ombe hakupata kinga ya namna hiyo. Binafsi sioni ubaya katika hilo. Heri dume la Mpwapwa lipande ng'ombe wa kila mfugaji wa Ugogoni kuliko kufungiwa nyuma ya leseni.

Ubaya ninaouona uko kwingine. Nimehudhuria semina nyingi za miliki bunifu, na karibu zote huishia kwa wito uleule: wabunifu, lindeni kazi zenu. Mtafiti wa ng'ombe, mkamua alizeti na mwanafunzi wa uhandisi huketi ukumbi mmoja, hupewa kijitabu kimoja, kisha hurudi makwao bila kujua ni haki ipi inayomfaa nani.

Safari moja nikiwa Mpwapwa mjini nilizungumza na mama mmoja mwenye mashine ya kukamua alizeti. Ukutani alikuwa ametundika cheti katika fremu. "Mwalimu, mimi nimesajiliwa," aliniambia, "lakini kuna mtu Dodoma anauza mafuta kwa jina langu, na picha ya ua ni ileile." Nilikisoma cheti. Kilikuwa cha jina la biashara.

Ilinichukua muda mrefu kumweleza kwamba jina la biashara humtambulisha mfanyabiashara mbele ya Serikali, lakini halimpi haki ya kumzuia mwingine kulibandika kwenye chupa. Haki hiyo hutokana na alama ya biashara, yenye sheria yake ya mwaka 1986. Alama huombwa kwa kundi maalumu la bidhaa, hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara, na ikisajiliwa Bara haivuki bahari kwenda Zanzibar. Vyote viwili husimamiwa na BRELA, lakini ni vitu viwili. Asiye na alama iliyosajiliwa anaweza kushtaki kwa kuigwa, ila mzigo wa kuthibitisha ni mzito na mawakili si wa bei ya alizeti. Mama alinisikiliza, kisha akauliza: "Sasa yule kijana wa steshenari aliyenijazia fomu mbona hakuniambia?"

Swali lake halijanitoka. Usajili siku hizi hufanyika mtandaoni, na katika miji yetu midogo kijana wa steshenari ndiye mshauri wa miliki bunifu, ingawa hakuna aliyewahi kumfundisha kazi hiyo.

Nami sina cha kujivunia. Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu alibuni mashine ya kukatakata malisho, yenye visu vilivyopangwa kwa namna ambayo sikuwa nimeiona. Mimi ndiye niliyemhimiza aipeleke Nzuguni kwenye maonesho ya Nane Nane. Watu waliipiga picha, wakapima visu kwa futi. Msimu uliofuata karakana moja ilikuwa ikiziuza. Kanuni ya kwanza ya hataza ni upya. Kilichokwisha kuanikwa hadharani huwa vigumu kukidai. Na sheria ileile ya 1987 ina cheti cha uvumbuzi mdogo, cha miaka 7, chenye masharti mepesi kuliko hataza kamili, kinachofaa kabisa vifaa vya aina hiyo. Nilikuwa na shahada ya uzamivu na sikukijua.

Ethiopia ilichagua chombo chake kwa makini. Kahawa haikuwa na hataza ya kudaiwa, kwa hiyo mwaka 2005 Serikali yake iliomba Marekani isajili majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe kuwa alama za biashara. Baada ya mvutano, mwaka 2007 ilifikia makubaliano na Starbucks ya kuyatambua majina hayo. Sisemi Mpwapwa ifanye vivyo hivyo kesho. Jina la mahali lina ugumu wake mbele ya msajili. Lakini siku maziwa au nyama ya ng'ombe huyu itakapouzwa kwa jina lake, mjadala utakuwa wa alama, na ni vema uanzie Mpwapwa.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Nashauri ada ya alama ya biashara iandikwe katika mchanganuo wa mkopo kama inavyoandikwa bei ya mashine, na afisa biashara apekue daftari la alama kabla kikundi hakijachapisha lebo hata moja. Vijana wa steshenari wapewe mafunzo ya siku mbili. Vyuoni, msimamizi aulize habari za hataza kabla ya maonesho, na kabla tasnifu haijapandishwa mtandaoni. Wenzangu watasema tunapandishwa vyeo kwa machapisho. Ni kweli, na maombi ya hataza hayazuii kuchapisha. Hutaka tu yatangulie.

Mama wa alizeti ameanza upya kwa jina jingine. Safari hii maombi ya alama yalipelekwa kwanza, chupa zikaagizwa baadaye.