Mumias: Kwa nini mwenye hisa hulipwa mwisho

Hisa za Mumias Sugar zilisitishwa katika soko la NSE zikiwa senti 27 tu, baada ya benki ya KCB kuiweka kampuni hiyo chini ya mrasimu Septemba 2019. Wenye hisa hawawezi kuziuza.

Kisheria, benki huchukua dhamana yake. Mishahara na ushuru hufuata, kisha wadai wasio na dhamana, wakiwemo wakulima. Mwenye hisa hungoja makombo, na mara nyingi hayabaki.

Hata kiwanda kilipokodishwa kwa Sarrai, pesa za kodi ni za kulipa madeni kwanza.

Afueni ni moja: ukishalipia hisa zako, hudaiwi deni la kampuni. Serikali nayo, yenye asilimia 20, iko mkiani mwa foleni hiyo hiyo.